Tippu Tip na Kitabu Chake

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Jina la Tippu Tip kila mmoja wetu amepata kulisikia darasani, na aghalabu tumelisikia kwa namna moja tu, yaani pale mwalimu anapoandika ubaoni majina ya wafanya biashara ya watumwa. Mimi nami nilimjua hivyo, mpaka muhula uliopita nilipoona katika maktaba yetu kitabu chembamba kilichochakaa, ambacho mtu huyo alieleza mwenyewe habari za maisha yake. Tena alizieleza kwa Kiswahili, zamani ambapo watu wetu wachache sana walikuwa wameandika habari zao wenyewe. Nilikisoma kwa siku nne, na tangu hapo bwenini kwetu hapakuwa na usiku uliopita bila ya mabishano.

Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Unguja yapata mwaka wa 1837. Baba yake alikuwa mfanya biashara wa bara, akakaa sana Tabora, hata akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Hamed alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi alianza kusafiri na jamaa zake kununua sandarusi, na alipopata kama miaka kumi na minane akafuatana na baba yake mpaka Tabora na Ujiji, wakavuka Ziwa Tanganyika kwenda Urua.

Inafaa tufahamu jinsi biashara ile ilivyokwenda, maana bila ya hivyo mambo mengine hayaeleweki. Mtu wa safari aghalabu hakuwa na mali yake mwenyewe. Alikopa nguo, shanga, bunduki na baruti kwa matajiri wa Unguja, wengi wao Wahindi, akaahidi kuwalipa kwa pembe za ndovu atakaporudi, na pengine kurudi huko kulichukua miaka. Wapagazi walitaka posho, na watawala wa njiani walitaka hongo. Kadiri watu walivyozidi kufika Tabora na Ujiji, pembe za huko zilizidi kuwa ghali, basi mwenye kutaka faida kubwa ilimlazimu aende mbali zaidi ya wenziwe. Hamed alikuwa mwepesi wa kukopa na mwepesi wa kwenda mbali. Tajiri aliyemwamini kuliko wote alikuwa Taria Topan, mshika forodha wa Unguja.

Sifa zake zilianza mwaka wa 1867, katika nchi ya Itabwa, kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika. Huko alitawala Nsama, mfalme aliyeogopwa, ambaye kabla ya hapo alikuwa amewashinda Waarabu na kuwanyang'anya mali. Watu walimwonya Hamed asiende kwake. Akaenda. Anasema kwamba Nsama alimwita aje kupokea pembe, kisha watu wake wakamrushia mishale ghafula, naye mwenyewe akapigwa. Walakini bunduki zikajibu, na katika muda mfupi mji ukawa mikononi mwake. Akapata humo pembe frasila 1,950, nazo ni kama tani 30, pamoja na shaba frasila 700. Nsama mwenyewe bila shaka angalisimulia habari hii kwa njia nyingine, lakini Nsama hakuandika kitabu.

Jina la Tippu Tip nalo, kama asemavyo mwenyewe, ni mlio wa bunduki zake kama watu wa huko walivyousikia. Wengine husema aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa na mazoea ya kupepesa macho. Nadhani si vigumu kuona kwa nini yeye alilipenda lile la bunduki.

Yapata mwaka wa 1870 alitoka tena pwani, akakaa bara miaka kumi na miwili. Katika safari hiyo limo jambo moja ambalo nililisoma mara mbili, kwa kuwa sikuamini macho yangu. Njiani alisikia kwamba mtawala mzee wa Utetera, Kasongo Rushie, alikuwa na dada zake wawili waliotekwa vitani zamani wasionekane tena. Hamed aliposikia habari hiyo akajitangaza kuwa mjukuu wa mmoja wao: mama huyo, alisema, alichukuliwa mbali, akaolewa na babu yake, akamzaa mama yake. Mzee akafurahi kupata mtu wa damu yake, akampa ufalme wa nchi pamoja na haki ya pembe zote. Mimi nilipoisoma niliona ni hila tupu, lakini mwandishi anaieleza kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeeleza jinsi alivyonunua shamba. Hivyo bila ya vita akawa mtawala, akatoza ushuru, akaamua mashauri ya watu, na mji wa Kasongo ukawa makao yake.

Wazungu waliokuwa wakitafuta mito na maziwa hawakuweza kumwepuka. Livingstone alikutana naye mwaka wa 1867, akasaidiwa. Cameron alimkuta Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mwaka wa 1874. Stanley alifika mwaka wa 1876, wakapatana kwamba Tippu Tip amsindikize katika msitu wa kaskazini kwa malipo ya fedha. Walifuatana majuma kadhaa, watu wakaugua na kufa, kisha Tippu Tip akarudi. Stanley akaendelea na mto mpaka akatokea bahari ya magharibi, na dunia yote ikamsifu. Tippu Tip anasema katika kitabu chake kwamba aliahidiwa mengi, na alicholetewa baadaye ni picha ya Stanley.

Sasa nafika katika kazi yake ya serikali, nayo ndiyo iliyotugawa bwenini.

Mwaka wa 1882 alirudi Unguja na pembe nyingi. Sayyid Barghash akataka amshikie nchi ya Manyema kwa jina lake, akarudi bara kwa shabaha hiyo. Lakini miaka ile mambo yalibadilika upesi. Mkutano wa Berlin ulipokwisha mwaka wa 1885, mfalme Leopold wa Ubelgiji alikubaliwa na mataifa ya Ulaya kuwa mwenye Kongo, na Wajerumani wakaingia bara la Tanganyika. Tippu Tip aliporudi tena Unguja alimkuta Sayyid amevunjika moyo. Sayyid akamwomba radhi, akamwambia kwamba hana tena tamaa ya bara, maana hata Unguja yenyewe haijui kama itabaki kwake.

Wakati huo huo mabwana wa Kongo walikuwa na taabu yao. Mwaka wa 1886 Waarabu waliishambulia boma yao ya Stanley Falls, mahali ambapo leo ni mji wa Kisangani, wakawafukuza. Kuirudisha kwa nguvu hawakuweza. Basi Stanley akaja Unguja na shauri jingine, na tarehe 24 Februari 1887 Tippu Tip akatia sahihi mkataba wa kuwa Wali wa Stanley Falls chini ya bendera ya Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kazi yake ilikuwa kuweka amani na kuzuia uwindaji wa watumwa. Naam, ndivyo ulivyosema mkataba! Mshahara aliuona mdogo, lakini Sayyid alimshauri aukubali hata kama ungekuwa mdogo zaidi ya huo.

Wakaondoka katika meli moja, Tippu Tip na watu wa nyumba yake pamoja na Stanley, wakazunguka Rasi ya Kusini mpaka mdomo wa Kongo, wakapanda mto. Stanley alikuwa akienda kumwokoa Emin Pasha, na katika mapatano yao Tippu Tip alikuwa ampe wapagazi 600. Stanley akatangulia, akaacha kikosi cha nyuma Yambuya, chini ya Meja Barttelot, kingoje wapagazi hao. Wakangoja tangu Juni 1887 hata Juni 1888, wengi wakafa kwa njaa na maradhi. Wapagazi walipokuja walikuwa kama 400 tu. Mwezi uliofuata mmoja wa wakubwa wao, jina lake Sanga, akampiga Barttelot risasi akafa. Tippu Tip alimhukumu Sanga huko Stanley Falls, naye akauawa.

Nani mwenye makosa? Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1890, Stanley alimtupia Tippu Tip lawama kubwa. Tippu Tip kwa upande wake anajibu kwamba baruti iliyoahidiwa kwa ajili ya wapagazi haikuletwa, na Wamanyema hawakutaka kwenda katika msitu ule kwa mikono mitupu. Mwalimu wetu wa Historia alituagiza tuzisome habari zote mbili siku moja, nasi tukaona kwamba kila bwana anakumbuka vizuri sana ahadi za mwenziwe. Wote wawili hawana maneno mengi juu ya wale waliokufa Yambuya wakingoja.

Na uwali wenyewe je? Alipandisha bendera ya Kongo, akawapokea maofisa wa Kibelgiji, akawazuia Waarabu wenziwe wasipigane nao. Kwa hilo baadhi ya Waarabu walimwona ameiuza nchi. Lakini vijiji viliendelea kuchomwa na watu kutekwa, na wengi wa waliofanya hivyo walikuwa watu wake mwenyewe au waliotumia jina lake. Mwenzangu mmoja alisema bwenini kwamba Wali hakupewa askari wa kutosha, basi angewezaje? Ni kweli. Lakini mtu aliyeweza kushika nchi nzima ya Utetera bila ya kuomba askari kwa mfalme yeyote, sidhani kwamba hakuweza kuwaambia watu wake mwenyewe waache.

Mwaka wa 1890 alifunga safari ya kurudi pwani, maana Stanley alikuwa amefungua daawa juu yake Unguja. Njiani akaugua sana, akafika mwaka wa 1891. Daawa ikafutwa. Uwali alikuwa amemwachia Rashid bin Muhammed, mtoto wa ndugu yake, lakini mwaka wa 1892 vita vikazuka Kongo baina ya Wabelgiji na Waarabu. Nyangwe ikaanguka Machi 1893, na Kasongo mwezi uliofuata. Ngongo Lutete, jemadari ambaye zamani alikuwa chini ya Tippu Tip, alikuwa amehamia upande wa Wabelgiji, nao hao hao wakamwua mwaka huo. Sefu, mwana wa Tippu Tip, akafa vitani kabla mwaka haujaisha. Yale yote aliyoyajenga bara kwa miaka ishirini yakatoweka, na mzee akayasikia habari zake kwa barua, akiwa Unguja. Lakini msidhani kwamba watu wa Kongo walipumzika. Serikali ya Leopold iliwalazimisha kuleta mpira, ikawapiga na kuwakata mikono, hata Ubelgiji ikaichukua Kongo kutoka kwa mfalme wake mwaka wa 1908.

Ni katika miaka hiyo ya uzee ndipo Dk. Heinrich Brode, Mjerumani aliyekaa Unguja, alipomshauri aandike. Akaandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na Brode akakigeuza katika herufi za Kirumi na kukipiga chapa Berlin, mwaka wa 1902 na 1903. Baadaye Whiteley alikitafsiri kwa Kiingereza, na mwaka wa 1966 kikatolewa hapa Afrika Mashariki katika lugha zote mbili. Miaka karibu hakuitaja, nayo ilibidi wataalamu waitafute. Bali pembe anazikumbuka kwa frasila, na madeni anayakumbuka kwa jina la mdai. Mateka na watumwa wamo, lakini wanapita katika sentensi kama mizigo inavyopita, na hakuna mahali niliposoma kwamba alijuta.

Yuko kijana katika bweni letu ambaye kwao ni Ujiji. Wazee wake ni Wamanyema, na babu wa babu yake aliletwa kutoka ng'ambo ya ziwa. Kwao hawajui kama alikuja akiwa pagazi au mateka. Usiku mmoja, tulipokuwa tukibishana kwa sauti kubwa kama Tippu Tip alikuwa hodari au mwovu, yeye aliniomba kitabu, akaenda nacho chini ya taa ya ukumbini. Alikuwa akitafuta majina ya wapagazi. Akarudi baada ya saa moja, akanipa kitabu, akapanda kitandani. Mabishano yakaisha kwa usiku ule.

Tippu Tip alikufa kwa homa nyumbani kwake Unguja, mwezi wa Juni 1905. Alikuwa na mashamba saba, na inasemekana kwamba alipata kuwa na watumwa kwa maelfu, kabla hati ya Sultani ya mwaka wa 1897 haijawaruhusu kudai uhuru wao. Nyumba yake ingaliko katika Mji Mkongwe, karibu na bahari, na mlango wake wa kuchongwa. Watalii huonyeshwa. Kitabu chake kiko katika maktaba yetu, kabati la pili upande wa dirisha, na anayekitaka aandike jina lake kwanza kwa msimamizi wa maktaba, kwa sababu kwa sasa wako watu sita wanaokingoja.