Grand Kallé, mwimbaji wa uhuru aliyeachwa na orkestra yake

Joseph Kabasele Tshamala, aliyejulikana zaidi kama Grand Kallé, alizaliwa Matadi mwaka 1930. Mwaka 1953 alianzisha African Jazz mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Sauti yake laini, gitaa la Nico Kasanda na midundo ya Cuba viliwajaza watu kwenye baa.

Januari 1960, viongozi wa Kongo walipokuwa Brussels wakijadili uhuru na Wabelgiji, Kabasele aliwafuata na wanamuziki wake, pamoja na wawili wa OK Jazz, Vicky Longomba na Brazzos. Huko ndiko ulikozaliwa Indépendance Cha Cha, wimbo unaotaja viongozi na vyama vyao. Redio zikaufikisha mbali Afrika.

Alikuwa na lebo yake mwenyewe, Surboum African Jazz, jambo ambalo wanamuziki Waafrika wa wakati ule hawakulizoea. Alirekodi hata OK Jazz, wapinzani wake! Lakini kiongozi anayeimba ndiye huyo huyo anayeshika pesa, na manung'uniko hayakukosa. Mwaka 1963 Nico na Tabu Ley Rochereau waliondoka na karibu kundi zima, wakaunda African Fiesta. Kabasele alikusanya wengine, ila African Jazz haikuwa tena ile ya zamani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Paris na African Team, akipiga na Manu Dibango, Mkameruni ambaye mwaka 1961 yeye mwenyewe alimleta Léopoldville. Alifariki Kinshasa tarehe 11 Februari 1983.