Okot p'Bitek: Mtetezi wa methali aliyepata makao Kisumu

MZEE wa Kijaluo anapotaka kumaliza mabishano katika soko la Sondu, mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, hahitaji hotuba ndefu. Hutoa ngero moja tu, yaani methali, na wanaomsikiliza wakaelewa nani amekosa na nani anafaa kunyamaza. Maneno hayo hakuyasoma kitabuni. Aliyarithi nyumbani kama walivyoyarithi waliomtangulia. Watoto wa Kijaluo, hasa wasichana, waliyapata katika siwindhe, nyumba ya nyanya ambamo walilala wakisikiliza hadithi, vitendawili na mafumbo. Ni katika mazingira hayo ambapo zilihifadhiwa simulizi za Luanda Magere, shujaa ambaye siri ya nguvu zake ilikuwa katika kivuli chake, na za Simbi Nyaima, kijiji kinachosemekana kuzama na kuwa ziwa karibu na Kendu Bay.

Kwa miaka mingi urithi huo haukuhesabiwa kuwa elimu. Mtoto aliyeingia shule ya mkoloni alifundishwa kwamba fasihi ni kile kilichochapishwa, na kwamba maneno ya nyanya yake yalikuwa ya kupitisha wakati tu. Miongoni mwa waliosimama kidete kupinga mtazamo huo ni Okot p'Bitek, mshairi na mwanazuoni kutoka Uganda. Hakuzaliwa Nyanza, lakini alipopoteza kazi nchini kwake alipokewa Kisumu, na huko akaendeleza vita alivyokuwa amevianza kwao.

Okot alizaliwa mwaka wa 1931 mjini Gulu, katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Kiacholi na Dholuo, lugha inayozungumzwa kutoka Kisumu hadi Nyakach na kingo za mto Sondu, ni lugha ndugu. Mababu wa jamii hizo walitoka katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini, wakasambaa kwa muda wa karne kadhaa. Baadhi yao walitulia kaskazini mwa Uganda na wengine wakasonga hadi ufuo wa Ziwa Victoria. Hadi leo Mwacholi na Mjaluo wote huita wimbo kwa neno moja, wer.

Baba yake, Jebedayo Opii, alikuwa mwalimu na mfuasi wa Kanisa la Kiprotestanti. Mama yake, Serina Lacwaa, alikuwa mwimbaji, mtunzi na mcheza ngoma aliyesifika katika jamii yake. Hivyo Okot alikulia katika nyumba yenye shule mbili. Kwa baba alijifunza kusoma na kuandika, na kwa mama alijifunza nyimbo, hadithi na misemo ya Waacholi. Maisha yake yote yanaweza kuelezwa kuwa jitihada ya kuhakikisha kwamba shule ya kwanza haiimezi ya pili.

Alisoma katika Shule ya Upili ya Gulu, kisha akajiunga na King's College Budo, mojawapo ya shule zilizoheshimika sana nchini Uganda. Mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 22 hivi, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Lak Tar, aliyoiandika kwa Kiacholi. Jina lenyewe la kitabu lilitokana na msemo wa Waacholi kwamba binadamu hucheka duniani kwa kuwa tu meno ni meupe. Maana yake ni kwamba kicheko si ushahidi wa furaha, kwani mtu huweza kuonyesha meno huku moyo ukilia. Riwaya hiyo inasimulia masaibu ya kijana maskini, Okeca Ladwong, anayeondoka kijijini kwenda kutafuta pesa za mahari ili amwoe msichana anayempenda, lakini anaporwa alichochuma akiwa njiani kurejea nyumbani. Tayari mwandishi huyo chipukizi alikuwa ameonyesha kwamba msemo mmoja wa kijijini unaweza kubeba kisa kizima cha maisha ya mjini.

Okot hakuwa mtu wa vitabu pekee. Alikuwa mwalimu, mwimbaji na mwanasoka hodari. Mwaka wa 1956 alisafiri hadi Uingereza akiwa na timu ya taifa ya Uganda. Baada ya ziara hiyo alibaki huko kuendelea na masomo. Alisomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth na hatimaye elimu ya jamii na tamaduni katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Ni Oxford ambako alikumbana ana kwa ana na dharau dhidi ya watu wake. Baadaye alieleza katika maandishi yake jinsi wahadhiri walivyozoea kuwaita Waafrika washenzi na watu wasiostaarabika, naye akapinga tangu siku za mwanzo bila mafanikio. Hakuacha masomo kwa hasira. Aliamua kutumia nafasi hiyo kuchunguza alichoachiwa na mama yake, na mwaka wa 1963 akakamilisha tasnifu kuhusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango pamoja na maisha ya jamii yaliyoizaa. Nyimbo za ngoma na misemo ya wazee zikawa zimeingia katika maktaba ya chuo kilekile ambacho baadhi ya walimu wake hawakuamini kwamba zilikuwa na thamani.

Aliporejea Uganda alifundisha chini ya Chuo Kikuu cha Makerere na kuanzisha tamasha la sanaa mjini Gulu. Kisha, mwaka wa 1966, shirika la uchapishaji la East African Publishing House la Nairobi likatoa utenzi uliomletea sifa duniani, Song of Lawino. Humo mwanamke wa kijijini, Lawino, analalamikia mumewe Ocol, msomi anayemwona mkewe kuwa mshamba na kumpendelea Clementine, mwanamke wa mjini anayeiga mitindo ya Wazungu.

Mhimili wa utenzi huo ni methali ya Waacholi inayokataza kung'oa mmea wa boga katika boma la zamani. Ili kuielewa ni lazima kujua maisha yaliyoizaa. Familia ilipohama na kujenga kwingine, iliacha nyuma nyumba zilizobomoka, lakini mboga na maboga yaliendelea kumea yenyewe katika mahame hayo. Njaa ilipobisha hodi, watu walirudi huko kuchuma. Mpita njia aliyeung'oa mmea huo bila sababu hakujinufaisha kwa lolote, ila aliwanyima wengine chakula cha siku mbaya.

Baadhi ya wahakiki walimshutumu Okot kwa madai kwamba alitaka Waafrika warudi nyuma. Lakini methali yenyewe inatoa jibu. Haimwamuru mtu yeyote kurudi kuishi katika boma la zamani. Boma hilo limekwisha kuhamwa na hakuna anayebishana kuhusu jambo hilo. Inachokataza ni uharibifu usio na faida, yaani mtu kuangamiza kitu kwa sababu tu kimeota mahali alipopahama. Okot mwenyewe alikuwa amehama mara nyingi, na mwaka wa 1970 alimpa Ocol nafasi ya kujitetea katika utenzi mwingine, Song of Ocol, ili msomaji awapime wote wawili.

Mwaka huohuo wa 1966 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kituo cha utamaduni cha taifa mjini Kampala, pamoja na ukumbi wake wa maigizo. Alifungua milango kwa ngoma, nyimbo na michezo ya wenyeji mahali ambapo hapo awali palitawaliwa na sanaa za Wazungu. Hata hivyo hakudumu. Ukali wake dhidi ya wanasiasa waliorithi viti vya wakoloni uliwaudhi wakubwa, na baada ya safari ya Zambia akajikuta hana kazi.

Kenya ndiyo iliyomfungulia mlango. Alipata kazi katika idara ya elimu ya watu wazima ya chuo cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, naye akapelekwa Kisumu kuhudumu magharibi mwa nchi. Kwa mtu aliyekuwa amesimamia ukumbi wa taifa, wengi wangeona kwamba ameshushwa cheo. Lakini kwa Okot, ufuo wa ziwa ulikuwa mahali pa watu wa ukoo mmoja naye. Hapo palikuwa na wapiga nyatiti, ala ya nyuzi 8, waliotoa sifa na mafumbo matangani na karamuni. Palikuwa na akina mama walioimba dodo, na wazee ambao hawakuzungumza bila ngeche, yaani methali, vinywani mwao.

Mwaka wa 1968 alianzisha Tamasha la Sanaa la Kisumu, akifuata mfano wa lile la Gulu. Kazi hiyo ilionyesha imani yake kuu, kwamba urithi wa maneno haulindwi kwa kufungiwa kabatini. Hulindwa kwa kutumiwa mbele ya watu wanaoweza kuitikia, kucheka, kukosoa na kuongeza lao. Methali huzaliwa katika tukio, na hupata maana mpya kila inapokutana na tukio jingine. Ikiandikwa orodhani bila kisa chake hubaki kama mbegu iliyohifadhiwa ghalani: haijafa, lakini pia haijaota.

Baadaye alihamia Nairobi na kufundisha katika chuo kikuu hicho kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1970. Alifika wakati mwafaka. Mwaka wa 1968 Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor Anyumba walikuwa wamedai kwamba fasihi ya Afrika, ikiwemo ile ya mdomo, iwe kiini cha mafunzo badala ya ile ya Uingereza. Okot alikubaliana nao kabisa. Kwake, fasihi ilikuwa kila kazi ya ubunifu inayotumia maneno, iwe imeimbwa, imesemwa au imeandikwa. Kwa tafsiri hiyo bibi wa Sondu asiyejua kusoma aliweza kuhesabiwa kuwa bingwa wa fasihi sawa na profesa.

Miaka hiyo ilikuwa ya mavuno. Alichapisha utafiti kuhusu dini za Kiafrika na dini ya Waluo wa kati, mkusanyiko wa nyimbo za Waacholi uitwao Horn of My Love mwaka wa 1974, na hadithi za kijadi katika Hare and Hornbill mwaka wa 1978. Mwaka wa 1972 kitabu chake Two Songs kilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Wasomaji wa Kiswahili nao walipata Wimbo wa Lawino mwaka wa 1975, katika tafsiri ya Paul Sozigwa.

Kwao hakukuwa salama. Idi Amin alikuwa ametwaa mamlaka mwaka wa 1971, na Waacholi walikuwa miongoni mwa waliouawa kwa wingi chini ya utawala wake. Okot aliendelea kuishi uhamishoni, akafundisha pia katika Chuo Kikuu cha Ife nchini Nigeria. Aliweza kurejea baada ya Amin kung'olewa mwaka wa 1979, na mwaka wa 1982 Makerere ikampa uprofesa wa uandishi wa kubuni. Hakuutumikia kwa muda mrefu. Alifariki Julai mwaka huo jijini Kampala, akiwa na umri wa miaka 51 hivi.

Kitabu chake cha methali, Acholi Proverbs, kilitoka Nairobi mwaka wa 1985, miaka 3 baada ya kifo chake. Muda mfupi baadaye vita vilizuka kaskazini mwa Uganda, na kwa takriban miaka 20 Waacholi wengi walihamishwa kutoka vijijini na kurundikwa kambini. Wang oo, moto wa jioni ambao wazee na watoto waliuzunguka kwa hadithi na mawaidha, ulizimika katika maboma mengi. Watoto walizaliwa na kukua kambini bila kuuota. Methali ya boga ikawa si fumbo tena, kwa maana maboma ya zamani yalikuwa matupu kwelikweli. Mapigano yaliposimama mwaka wa 2006 na watu wakaanza kurejea makwao, wengi walilazimika kufundisha upya yale ambayo zamani yalijifunza yenyewe kando ya moto.

Hatari hiyo haiwahusu Waacholi peke yao. Katika vijiji vya Nyakach na kwingineko kando ya ziwa, siwindhe imetoweka katika maboma mengi pasipo vita vyovyote. Watoto wako shuleni kutwa, wazazi wako mijini, na nyanya hubaki na maneno yake. Ni kweli kwamba fasihi simulizi sasa hufundishwa na kutahiniwa katika shule za Kenya, jambo ambalo kizazi cha Okot kilipigania. Lakini methali inayokaririwa kwa ajili ya mtihani haijawa ya mtoto hadi siku atakapoitumia mwenyewe, mahali pake, mbele ya watu wanaomwelewa.

Katika nyumba ya Okot uzi haukukatika. Binti yake Jane Okot p'Bitek alichapisha utenzi, Song of Farewell, mwaka wa 1994, na mwenzake Juliane akatoa diwani ya 100 Days mwaka wa 2016. Bibi yao, Serina Lacwaa, alitunga kwa ajili ya uwanja wa ngoma. Mwanawe alitunga kwa ajili ya ngoma na kalamu, na wajukuu wakatunga kwa Kiingereza. Boma limehamwa mara kadhaa, na boga bado linazaa.