Historia: Helmholtz, daktari wa jeshi aliyeacha siri ya bafle za besi

Luberizi, katika bonde la Ruzizi, jimbo la Kivu Kusini, wengi wanaijua kwa kambi yake ya jeshi na kwa barabara ya taifa namba 5 inayounganisha Bukavu na Uvira. Kijana wa huko anayetaka filamu ingurume ndani ya saluni yake, lakini hana pesa za sabufa ya dukani, hana njia nyingi. Anatafuta spika kubwa iliyotolewa kwenye bafle nyingine au kwenye gari, anakata triplex, anaunga kwa kole na misumari, kisha anatoboa shimo na kuingiza kipande cha tiyo ya PVC. Ukimuuliza tiyo hiyo ni ya nini, atakuambia ni ya kutoa besi. Ukimuuliza kwa nini ina urefu huo na si mwingine, hapo majibu yanaanza kutofautiana.

Jibu lilipatikana katika karne ya 19, na aliyelieneza duniani hakuwahi kuona bafle hata moja. Jina lake Hermann von Helmholtz.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1821 huko Potsdam, karibu na Berlin, katika ufalme wa Prusia. Baba yake alikuwa mwalimu wa sekondari, mwenye elimu nyingi na mshahara mdogo. Mtoto Hermann alikuwa mgonjwa-mgonjwa, na darasani alipata shida kukariri mambo yasiyo na uhusiano kati yao. Alichopenda ni fizikia. Lakini baba hakuwa na uwezo wa kumlipia chuo kikuu kwa somo hilo, na mzee huyo alikuwa na watoto wengine wa kulisha.

Suluhisho lilitoka jeshini. Serikali ya Prusia ilikuwa na chuo cha madaktari wa jeshi mjini Berlin, ambako vijana wa familia zisizo na pesa walisomeshwa bure kwa sharti moja: wakimaliza, walitumikie jeshi kwa miaka 8. Mwaka 1838 Helmholtz akiwa na miaka 17 alikubali mkataba huo. Hakuota kuwa daktari. Alienda Berlin na piano yake, na baada ya masomo ya udaktari alikuwa akijifundisha hesabu na fizikia peke yake kutoka vitabuni. Mwaka 1842 akapata udaktari, na mwaka uliofuata akatumwa kwenye kikosi cha wanajeshi kule kwao Potsdam.

Ndani ya kambi hiyo alijitengenezea maabara ndogo. Alichunguza misuli ya vyura na joto inayotoa inapofanya kazi, na kutokana na hesabu hizo akafikia wazo kubwa: nguvu haizaliwi kutoka patupu wala haipotei, inageuka tu kutoka sura moja hadi nyingine. Tarehe 23 Julai 1847 alilisoma andiko lake mbele ya chama cha wanafizikia mjini Berlin. Alikuwa na miaka 25. Mhariri wa jarida kubwa la fizikia la Ujerumani alikataa kulichapisha, akiona lina falsafa nyingi kuliko majaribio. Likatoka kama kijitabu cha pekee. Leo kanuni hiyo inafundishwa katika kila shule ya sekondari, Bukavu kama Berlin, na jina la yule mhariri wanalikumbuka wachache sana.

Mwaka 1848, kwa msaada wa mwanasayansi mashuhuri Alexander von Humboldt, jeshi lilimwachilia kabla miaka yake 8 haijaisha. Mwaka 1849 akawa profesa huko Königsberg, mji ambao sasa ni Kaliningrad nchini Urusi, na akamwoa Olga von Velten. Pale alipima kitu ambacho wakubwa wake walidhani hakipimiki: mwendo wa habari ndani ya mshipa wa fahamu. Kwa chura alipata mita takriban 27 kwa sekunde, polepole sana kuliko watu walivyodhani. Mwaka 1851 alitangaza kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Madaktari wa macho wanakitumia hadi leo, na hicho peke yake kingetosha kumpa jina.

Lakini masikio ndiyo yaliyomshika kwa muda mrefu. Kuanzia miaka ya 1850, akiwa Bonn kisha Heidelberg, alijiuliza kwa nini noti ileile ikipigwa kwa piano na kwa filimbi haisikiki sawa. Alishuku kwamba kila sauti ni mchanganyiko wa sauti nyingi ndogo, na sikio linazitenganisha. Ili kuthibitisha, alihitaji kifaa cha kunasa sauti moja tu na kuziacha nyingine zote.

Akatumia tufe tupu, la kioo au shaba, lenye matundu mawili. Tundu moja linaelekea kwenye sauti. Lingine, dogo na lililochongoka, linaingia sikioni na kuzibwa vizuri kwa nta. Tufe la ukubwa fulani linanguruma kwa noti moja peke yake. Noti hiyo ikiwemo katika muziki, hata ikiwa imefichika, sikio linaisikia waziwazi. Isipokuwemo, kimya. Alikuwa na mfululizo wa matufe ya ukubwa mbalimbali, na kwa hayo alichambua sauti ya binadamu.

Namna linavyofanya kazi, kila mtu aliyewahi kupuliza mdomo wa chupa ya Primus anaijua bila kujua. Hewa iliyo shingoni mwa chupa ni kama kizibo chenye uzito. Hewa iliyo tumboni ni kama springi. Ukipuliza, kizibo kinasukumwa ndani, springi inakirudisha, kinapita kiasi, kinavutwa tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Chupa ikiwa imejaa, springi ni fupi na ngumu, sauti ni nyembamba. Kadiri bia inavyopungua, tumbo la hewa linaongezeka, springi inalegea na sauti inateremka. Shingo ikiwa ndefu zaidi, kizibo kinakuwa kizito na sauti inateremka pia. Shingo ikiwa pana, inapanda. Helmholtz aliyaweka hayo katika hesabu, na mwaka 1863 akachapisha kitabu chake kikubwa kuhusu hisia za sauti, kilichosomwa na wanamuziki kama kilivyosomwa na wanafizikia.

Miaka hiyo haikuwa ya furaha tupu. Olga, aliyekuwa mgonjwa kwa muda mrefu, alifariki mwishoni mwa Desemba 1859 na kumwachia watoto wawili wadogo. Mwaka 1861 alimwoa Anna von Mohl.

Kitabu chake kilizaa pia kosa lenye faida kubwa. Kijana mmoja Mskoti, Alexander Graham Bell, alikifungua kikiwa katika Kijerumani, lugha ambayo hakuijua vizuri. Humo kulikuwa na michoro ya vyombo vya umeme ambavyo Helmholtz alivitumia kutingisha vyuma na kuiga vokali a, o, u. Bell alidhani Helmholtz tayari amesafirisha sauti ya mtu kwa waya. Haikuwa hivyo. Lakini kwa kuamini kwamba jambo hilo limeshawezekana, Bell alilitafuta, na mwaka 1876 akapata hati ya kumiliki simu. Kipaza sauti na spika vimetoka katika ukoo huo.

Mwaka 1871 Helmholtz aliitwa Berlin kuwa profesa wa fizikia. Hatimaye kazi aliyoitaka tangu utoto, akiwa na miaka 50. Alipewa cheo cha heshima kilichoongeza neno von kwenye jina lake. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Heinrich Hertz, yule aliyethibitisha mawimbi ya redio na ambaye jina lake limekuwa kipimo: tunaposema besi ya hertz 40, tunamaanisha mitetemo 40 kwa sekunde. Rafiki yake Werner Siemens, tajiri wa viwanda, alikuwa ameeleza tangu 1874 koili ya waya inayocheza ndani ya sumaku, ileile iliyo nyuma ya kila spika ya leo. Binti wa Helmholtz aliolewa na mtoto wa Siemens mwaka 1884. Majira ya baridi ya mwaka huohuo, katika mji huohuo wa Berlin, wakubwa wa Ulaya walikutana hadi Februari 1885 kwenye mkutano uliomfungulia mfalme Leopold II njia ya kuichukua Kongo.

Mwaka 1887 ilianzishwa taasisi kubwa ya serikali ya vipimo na fizikia, kwenye ardhi iliyotolewa na Siemens, na Helmholtz akawa rais wake wa kwanza. Mtoto wake Robert, naye mwanafizikia, alifariki mwaka 1889. Mwaka 1893 mzee alisafiri hadi Marekani kwa maonyesho ya Chicago. Wakati wa kurudi alianguka kwenye ngazi za meli na kuumia kichwa. Afya yake haikurudi kama zamani. Hertz, mwanafunzi aliyempenda, alifariki tarehe 1 Januari 1894 akiwa na miaka 36 tu. Helmholtz alimfuata tarehe 8 Septemba mwaka huo, akiwa na miaka 73.

Bafle ilikuja baada yake. Mwaka 1925, Wamarekani Rice na Kellogg walitangaza spika ya koili kama tunayoijua. Shida ikaonekana mara moja: spika ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inaivuta, na mawimbi hayo mawili yakikutana besi inakufa. Ndiyo sababu ya sanduku: kufungia sauti ya nyuma. Mwaka 1930 Albert Thuras, wa maabara za Bell, alifikiri tofauti. Sauti ya nyuma isipotezwe bure. Sanduku litobolewe na kuwekwa tiyo, liwe chupa ya Helmholtz. Karibu na noti ya tiyo, spika inatulia na hewa ya tiyo ndiyo inayonguruma, ikienda pamoja na sauti ya mbele. Alipewa hati yake mwaka 1932. Wengine, kama Edgar Villchur mwaka 1954, walibaki na sanduku lililozibwa kabisa, ambalo ni rahisi zaidi na linavumilia makosa ya seremala.

Nchini mwetu ubunifu wa aina hii una heshima yake. Mingiedi Mawangu, mwanzilishi wa Konono No 1 huko Kinshasa, alipaza likembe zake kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa mkono kutoka vyuma chakavu vya magari, na muziki huo ukafika Ulaya na Marekani kabla hajafariki mwaka 2015.

Kwa fundi wa Luberizi, hesabu ya Helmholtz inasema hivi. Sanduku lenye sentimita 40 kwa 40 kwa 37 na nusu kwa ndani lina lita 60. Likiwekwa tiyo yenye upana wa sentimita 10 kwa ndani na urefu wa sentimita 15, litanguruma karibu na hertz 42, besi nzuri kwa filamu. Tiyo hiyohiyo ikiwekwa katika sanduku la lita 30, noti inapanda hadi karibu hertz 59, na kinachosikika ni kishindo kisicho na kina. Ili kurudi hertz 42 katika sanduku hilo dogo, tiyo inapaswa kuwa na sentimita kama 37, si 30 kama mtu angedhani, kwa sababu hewa ya kwenye midomo ya tiyo nayo hucheza na huhesabiwa kama urefu.

Triplex ikiwa nyembamba inatetemeka yenyewe na kula nguvu ya ampli, hivyo huongezewa vibao vya kuikaza kwa ndani. Ufa mdogo kwenye kona ni kama chupa iliyopasuka. Mdomo wa tiyo ulio ndani usigusane na ubao wa nyuma. Uachiwe nafasi isiyopungua upana wa tiyo. Na kwa kuwa spika iliyotolewa kwenye gari bovu haiji na karatasi za vipimo vyake, ni afadhali kukata tiyo ndefu kwanza, kuijaribu kwa filamu ileile, kisha kuipunguza sentimita moja moja. Tiyo iliyokatwa fupi mno hairefuki tena.