Sir Sultan Muhammad Shah Aga Khan na Hali ya Wanawake wa Kihindi

Kila mkaazi wa Mombasa ajua ya kuwa mabinti wa Kihindi waliwatangulia mabinti zetu katika skuli. Wazee wetu wa Kongowea na Kisauni waliovuka kwenda kisiwani kwa mashua, na tangu 1931 kwa daraja la Nyali, waliwakuta wasichana wa Kihindi wakitoka skuli na mabuku mikononi, na hali mabinti zao wenyewe wamewaacha nyumbani. Wengi wetu twadhani kwamba Wahindi ndivyo walivyoumbwa. La, sivyo. Wanawake wao walikuwa katika dhiki kubwa kuliko wetu, na miongoni mwa watu waliowatoa katika dhiki hiyo ni huyu tunayetaka kumweleza leo.

Tuseme kwanza, ili asitokee mtu kutufahamu vingine: sisi ni Masunni, na yeye alikuwa Imamu wa 48 wa Maismailia. Itikadi yake si itikadi yetu, na hatukuja hapa kuisifu wala kuibishia. Tunatazama kazi moja tu katika kazi zake.

Ili msomaji aujue uzito wa kazi hiyo, yampasa ajue hali aliyoikuta. Katika Bara Hindi, mjane wa Kibaniani aliweza kuchomwa moto pamoja na maiti ya mumewe mpaka serikali ya Kiingereza ilipokataza jambo hilo 1829. Mjane aliyesalimika hakuruhusiwa kuolewa tena, hata ilipotoka sharia ya 1856. Watoto wa kike waliozwa hali bado wacheza na wanasesere, na serikali haikuweka mpaka wa umri wa kuolewa ila 1929. Haya ni ya Mabaniani, atasema mtu, yatuhusuni sisi Waislamu? Yatuhusu sana! Makhoja waliosilimu walikuja nayo mengi katika mila zao za kale. Mwaka 1847 wanawake wa Kikhoja walisimama mbele ya korti ya Bombay wakidai fungu lao katika mali ya baba yao, fungu ambalo Mwenyezi Mungu amelitaja waziwazi katika Sura ya Nisaa. Hakimu Muingereza, jina lake Perry, akahukumu ya kuwa ada ya Makhoja ni binti kutorithi, na ada hiyo ndiyo itakayofuatwa. Basi mwanamke Muislamu akanyimwa haki aliyopewa na Mola wake, na waliomnyima ni jamaa zake kwa kushikamana na mila ya Mabaniani. Ilikuwa mpaka 1937 ndipo Bara Hindi ikapata sharia ya kuwarudisha Waislamu kwenye hukumu za Kurani katika mirathi. Miaka tisini! Na asicheke mtu wa pwani. Katika mashamba yetu ya minazi wamo dada ambao baba zao wamekufa zamani, na fungu lao halijakatwa hata leo.

Sultan Muhammad Shah alizaliwa Karachi tarehe 2 Novemba 1877. Baba yake alikufa 1885, naye hajatimiza miaka minane, akakalia kiti cha uimamu angali mtoto. Mali ilikuwa nyingi na wenye kuikodolea macho walikuwa wengi. Aliyeisimamia ni mama yake, Lady Ali Shah, mwanamke wa ukoo wa wafalme wa Iran. Huyu bibi aliziangalia hesabu mwenyewe, na akamtafutia mwanawe waalimu wa Kiarabu, Kifarsi, Kiingereza na Kifaransa. Kwa rai yangu, hapa ndipo penye mzizi wa habari yote. Mtu aliyeiona mali ya baba yake ikihifadhiwa kwa akili ya mwanamke haambiliki kwamba wanawake hawana akili ya kazi.

Mwaka 1902, katika mkutano wa elimu wa Waislamu uliofanywa Delhi, alisimama mbele ya wakubwa wa umma akahesabu sababu za kuanguka kwa Waislamu, na katika sababu hizo akataja kufungiwa kwa wanawake wasijue la dunia wala la dini. Mwaka 1918 alitoa kitabu juu ya mambo ya Bara Hindi, na ndani yake akaweka mlango mzima wa hali ya wanawake. Mwaka 1919, serikali ya Uingereza ilipokuwa ikitengeneza mabaraza mapya, kamati yake ilikataa wanawake wasipige kura kwa hoja ya kuwa wanakaa katika buibui. Yeye aliandika katika magazeti ya London kuipinga hoja hiyo. Mwisho jambo liliachiwa kila jimbo lijiamulie, na Madras ikawa ya mbele.

Kwetu Afrika Mashariki alifika kwanza 1899. Aliwakuta wafuasi wake wakiwa watu wa maduka, waliokuja kwa majahazi ya kaskazi kutoka Kachh na Gujarat. Mwaka 1905 aliwatolea Unguja kitabu cha kanuni, kikaweka mabaraza ya kuamua mambo yao, ndoa na talaka zikiwamo. Kanuni hizo zilitengenezwa upya mara kwa mara, na katika hizo za baadaye ndoa za watoto zikakatazwa. Mwaka huo huo wa 1905 ilifunguliwa skuli yake ya kwanza Unguja. Skuli ya serikali ya wasichana huko haikufunguliwa mpaka 1927.

Maneno aliyokuwa akiwakariria ni mepesi. Mzazi akiwa na mwana na binti, na fedha yake haimtoshi ila mmoja, basi amsomeshe binti, kwani mwana aweza kula kwa nguvu za mikono yake. Nasi twajua ya kuwa Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, aliwafundisha Masahaba, na wala hapana aliyeona ni aibu kukaa nyuma ya pazia lake kusoma.

Lakini maneno matupu hayajengi skuli, naye alilijua hilo. Nairobi, Machi 1937, alipimwa kwa dhahabu. Dar es Salaam, Agosti 1946, alipimwa kwa almasi. Wengi wetu tumekumbuka mizani tu, tukazungumza barazani jinsi alivyokuwa mzito! Fedha iliyopatikana ilitiwa katika skuli, hospitali na mashirika ya kukopesha, na kampuni ya bima ya Jubilee iliyoanzishwa hapa Mombasa 1937 ilitokana na sherehe ile ya dhahabu. Skuli zikatoa waalimu wa kike na wauguzi.

Liko jambo ambalo hatumfuati. Mwaka 1952 aliwaagiza wanawake wa jamaa yake wa Afrika waache pachedi na mavazi ya Kihindi, wavae magauni mafupi ya Kizungu. Makusudio yake, kama tulivyoelewa, ni kwamba wajifungamanishe na nchi waliyomo. Lakini ilmu haiingii kwa kufupisha nguo. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa 1932, alitaka mabinti zetu wasomeshwe, na papo hapo alikemea kuwaiga Wazungu. Njia ya Sheikh ndiyo njia yetu.

Wala hakuwasahau wasiokuwa wafuasi wake. Mwaka 1945 ilianzishwa Mombasa jumuiya ya East African Muslim Welfare Society, kwa sharti ya kuwa kila shilingi watakayoitoa Waislamu, yeye ataiongezea shilingi. Misikiti na skuli nyingi za Waislamu Waafrika zilijengwa kwa njia hiyo. Pamoja na Sultani wa Unguja, Sayyid Khalifa, na Mabohora alichangia chuo cha ufundi cha Waislamu cha Mombasa, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi.

Alikufa Versoix, Uswisi, tarehe 11 Julai 1957, akiwa na umri wa miaka 79. Alizikwa Aswan, Misri, kando ya mto Nili. Mkewe, Om Habibeh, alisimamia ujenzi wa kaburi hilo, naye alipokufa 2000 akazikwa papo hapo.