Lemaître: Padri aliyeutafutia ulimwengu mwanzo

Padri Georges Lemaître, mwanafizikia aliyetoa nadharia kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo, alizaliwa Julai 17, 1894 mjini Charleroi, Ubelgiji. Vita Kuu ya Kwanza ilimkatizia masomo ya uhandisi, akatumikia kikosi cha mizinga. Alipewa daraja ya upadri mwaka 1923, kisha akaenda Uingereza na Marekani kusomea elimu ya nyota.

Mwaka 1927 alichapisha hesabu zilizoonyesha kuwa ulimwengu unatanuka. Albert Einstein alizikubali hesabu hizo, lakini akaikataa maana yake. Mwaka 1929 vipimo vya Edwin Hubble vilionyesha kuwa kadiri galaksi ilivyo mbali nasi, ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Mwaka 1931 Lemaître alieleza kuwa vyote vilitokana na atomu moja ya mwanzo iliyopasuka.

Wapo waliomshuku kuwa anaingiza dini katika sayansi. Lakini Papa Pius XII alipoihusisha nadharia ya namna hiyo na uumbaji mwaka 1951, Lemaître mwenyewe hakupendezwa, kwa kuwa imani haikupaswa kuegemea nadharia inayoweza kusahihishwa.

Juni 1966, akiwa mgonjwa, aliletewa habari kuwa masalia ya joto la mwanzo yamegunduliwa. Alifariki dunia Juni 20, siku chache baadaye.

Mwaka 1998 wanasayansi walibaini kuwa kutanuka huko kunaongezeka kasi. Kukiendelea hivyo, nyota zitazimika na ulimwengu utaishia katika giza na baridi.