Dennis Ritchie: alikufa kimya, lakini kazi yake iko ndani ya simu za Kiwanja

Mkaaji wa Kiwanja, katika eneo la Rutshuru, kaskazini mwa Goma, anapofungua programu ya ujumbe au ya kutuma pesa kwenye simu ya Android, ndani ya simu hiyo programu moja inazaa nyingine. Inayozaa huitwa mzazi, inayozaliwa huitwa mtoto. Utaratibu huo una zaidi ya miaka 50. Mmoja wa walioueneza duniani ni Mmarekani Dennis Ritchie, ambaye jina lake halijulikani sana nje ya wataalamu wa kompyuta.

Ritchie alizaliwa Septemba 9, 1941, huko Bronxville, jimbo la New York. Baba yake alikuwa mtafiti wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu. Dennis alisoma fizikia, kisha hesabu, katika Chuo Kikuu cha Harvard. Aliandika tasnifu ya udaktari, lakini hakuwahi kupewa digrii hiyo. Mwaka wa 1967 aliajiriwa Bell Labs, kwa baba yake.

Mwaka wa 1969 maabara hiyo ilijitoa katika mradi mkubwa wa kompyuta ulioitwa Multics. Mwenzake, Ken Thompson, alichukua mashine ndogo iliyokuwa imepitwa na wakati, PDP-7, akaanza kuundia humo mfumo mwingine. Ritchie alijiunga naye. Mfumo huo ukaitwa Unix.

Mwanzoni Unix ilikuwa na udhaifu. Mtu alipotoa amri, programu iliyoipokea ilifutwa kwenye kumbukumbu ili kuipisha programu mpya. Kazi ilipokwisha, ile ya kwanza ilipakiwa upya. Hakukuwa na mzazi wa kubaki akisimamia kazi.

Thompson alitatua jambo hilo kwa amri ya fork, yaani njia panda. Wazo lilitoka kwenye mfumo wa Chuo Kikuu cha Berkeley, alikosomea. Kwenye PDP-7 lilihitaji mistari 27 tu. Ritchie aliandika baadaye kwamba badiliko hilo lilileta tatizo ambalo hawakulitazamia: amri ya kuhama kutoka folda moja kwenda nyingine iliacha kufanya kazi. Sababu ni kwamba aliyehama alikuwa mtoto, naye alikufa papo hapo. Mzazi alibaki pale pale. Ikabidi amri hiyo itekelezwe na mzazi mwenyewe.

Kazi kubwa ya Ritchie ilikuwa lugha ya C, aliyoiunda kati ya 1971 na 1973. Mwaka wa 1973 kiini cha Unix kiliandikwa upya kwa lugha hiyo. Hapo mfumo ukaweza kuhamishiwa mashine za aina nyingine, na mwandishi yeyote wa programu za C akaweza kuzaa na kusimamia watoto.

Kanuni zake hazijabadilika. Programu ikiita fork, mfumo unatengeneza nakala yake. Mtoto anapokea jibu 0. Mzazi anapokea namba ya mtoto. Jibu likiwa chini ya 0, uzazi umeshindikana. Mtoto akitaka kufanya kazi tofauti, anaita exec, na programu nyingine inachukua nafasi yake. Mzazi naye anaita wait ili kungoja mtoto amalize na kujua kama alifaulu.

Mzazi asipofanya hivyo, mtoto aliyekufa hubaki kwenye orodha ya mfumo. Wataalamu humwita zombi. Mazombi wakizidi, orodha hujaa na hakuna kazi mpya inayoweza kuanzishwa. Na mzazi akifa kwanza, yatima kwa kawaida huchukuliwa na mchakato namba 1, ambao huwalea hadi mwisho.

Mwaka wa 1978 Ritchie na Brian Kernighan walitoa kitabu kilichofundisha C kwa vizazi vya wanafunzi. Mwaka wa 1983 yeye na Thompson walipewa Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo kubwa zaidi katika sayansi ya kompyuta. Alistaafu mwaka wa 2007.

Oktoba 12, 2011, alikutwa amefariki nyumbani kwake Berkeley Heights, New Jersey, alikokuwa akiishi peke yake. Alikuwa na miaka 70. Wiki moja kabla, kifo cha Steve Jobs wa kampuni ya Apple kilikuwa kimetangazwa dunia nzima. Cha Ritchie kilipita karibu kimya, ingawa simu za Apple nazo zinatumia mfumo wa ukoo wa Unix.

Android inasimama juu ya Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka wa 1991 kwa kufuata Unix na kuandikwa kwa C. Ndani yake kuna mchakato mmoja, Zygote, unaozaa programu nyingine kwa fork. Kumbukumbu ya simu ikipungua, mfumo huwaua watoto wasiotumiwa. Ndiyo maana kwenye simu ndogo, programu iliyoachwa nyuma mara nyingi huanza upya inapofunguliwa tena.