Goethe na Mfupa Uliosemekana Haupo

Mwaka wa kwanza nilikaa jioni nzima na fuvu la maabara nikitafuta mstari ambao kitabu kilisema upo kwenye kaakaa. Sikuuona. Kwenye jaribio nikaandika kwamba haupo, nikala sifuri. Aliyekuja kunitoa kwenye ujinga huo si daktari, ni mshairi: Goethe, Mjerumani ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina tu.

Alizaliwa Frankfurt mwaka 1749, akasomea sheria. Riwaya aliyoitoa mwaka 1774, akiwa na miaka 25 tu, ikamtangaza Ulaya nzima. Baadaye akawa waziri huko Weimar, akisimamia barabara na migodi. Ungedhani kazi hizo zinamtosha mtu. Kumbe jamaa alikuwa akienda Jena kujifunza anatomia kwa Profesa Loder!

Enzi zile ilijulikana kwamba wanyama wana mfupa wa pekee katikati ya taya ya juu, unaobeba meno ya mbele. Binadamu hana, walisema mabingwa kama Camper wa Uholanzi na Blumenbach wa Göttingen, na kwa Camper hiyo ilikuwa alama ya kututenga na nyani. Goethe hakukubali. Aliamini mifupa ya viumbe hawa wote inafuata mpango mmoja, sasa iweje sisi tukose kipande? Machi 1784, akiwa na Loder wakilinganisha mafuvu ya watu na ya wanyama, akauona: mshono mwembamba unaoanzia kwenye kitundu nyuma ya meno ya mbele, ukielekea upande wa chonge. Usiku uleule akamwandikia rafiki yake Herder kwa furaha kubwa, akimsihi asimwambie mtu.

Camper alipoletewa andiko lake alikubali mambo kadhaa ya wanyama, ila la binadamu akalikataa. Goethe hakulichapisha mpaka mwaka 1820, yaani miaka 36 baadaye. Na tuseme ukweli, hakuwa wa kwanza. Vicq d'Azyr wa Paris alikuwa ameshauona mfupa huo. Sifa anazopewa Goethe naona zimezidi kidogo. Alifariki mwaka 1832.

Kwa kumsoma yeye ndipo nilipoelewa kosa langu. Mfupa huo huungana na taya mapema, na kadiri mtu anavyokua mshono hufutika. Fuvu nililoshika jioni ile lilikuwa la mtu mzima. Nikarudi maabara, nikaomba la mtoto. Mstari ulikuwepo, mwembamba kama unywele.